JEMBE LA ZIWA NI UPEPO

Ndugu wakulima wa Kasulu na Kibondo, pamoja na nyinyi wa Buhigwe na Kakonko mliokuwa wilaya moja na wenzenu hao kabla ya mgawanyo wa mwaka 2012,

Leo hatutazungumza juu ya nafasi za kupandia mahindi, wala juu ya wadudu wa maharage. Leo nawaomba tuteremke pamoja mpaka Ziwa Tanganyika, tuyatazame maji yake, halafu tupande tena milimani, turudi shambani kwetu. Najua kuna atakayeuliza: mimi ni mkulima wa muhogo na maharage, maji ya ziwa yananihusu nini? Yanakuhusu, ndugu yangu. Yanakuhusu kila jioni unapokaa mezani na watoto wako. Kitoweo cha nyumba nyingi za huku juu ni dagaa wa Kigoma. Mwaka wenye dagaa wengi, hata mtu mwenye kipato kidogo anapata fungu lake sokoni. Mwaka wa uhaba fungu linakuwa dogo, bei inapanda, na watoto wanakula ugali kwa mboga za majani siku baada ya siku.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mmoja anasema wafanyabiashara wameficha dagaa. Mwingine anasema wavuvi wa siku hizi ni wavivu. Wa tatu anasema ziwa limelogwa. Leo nataka nikueleze jambo moja tu, ulielewe vizuri: ziwa nalo ni shamba, na shamba hilo linalimwa na upepo. Upepo ukishindwa kulima, mavuno yanapungua, hata kama mvuvi ni hodari namna gani.

Tuanze na kitu unachokijua. Chukua karai, weka maji baridi. Kisha mimina juu yake maji ya moto, polepole sana, usikoroge. Tumbukiza mkono. Juu utakuta joto, chini utakuta baridi. Ndiyo maana mama anayemwogesha mtoto hukoroga maji kwanza, asije akamchoma. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu. Maji ya baridi ni mazito, hukaa chini. Bila mkono wa kuyakoroga, hayachanganyiki upesi.

Sasa lifikirie karai lenye urefu wa kilomita zipatazo 670, kutoka Burundi mpaka Zambia, na kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu kuliko pote. Hilo ndilo Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Juu kuna maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 28. Chini kabisa ni nyuzi 23 na kitu, mwaka mzima. Utasema tofauti hiyo ni ndogo. Kwa maji yenye joto kama haya, tofauti hiyo inatosha kuyafanya maji ya juu yakae kama kifuniko juu ya sufuria.

Na chini ya kifuniko kuna nini? Kuna mbolea. Kila kiumbe kinachokufa ziwani, samaki, wadudu wa majini, mimea midogo isiyoonekana kwa macho, huzama na kuoza. Fosfeti na nitrojeni, vitu vile vile unavyovitafuta katika samadi na katika mbolea ya dukani, vimelundikana huko chini kwa maelfu ya miaka. Lakini huko chini ni giza, na hewa ya kuvuta hakuna. Upande wa Kigoma, samaki wanapata hewa mpaka kwenye kina cha mita 100 hivi tu. Upande wa kusini hewa inafika karibu mita 200. Chini ya hapo maji yananuka kama yai viza, na samaki hawezi kuishi.

Umeiona shida ya ziwa? Mwanga wa jua uko juu, mbolea iko chini. Ni kama mkulima ambaye samadi yake yote imefukiwa urefu wa kisima, na mizizi ya mahindi haifiki. Lazima mtu aje na jembe, apindue, ailete mbolea juu.

Baharini kazi hiyo inafanywa na wengi. Ukifika Tanga, Dar es Salaam au Unguja utaona maji yanajaa na kupwa mara mbili kila siku, kwa sababu ya mvuto wa mwezi na jua. Wakati wa bamvua, maji ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Maji mengi namna hiyo yakipita katika mikondo baina ya visiwa na miamba hukorogeka, ya juu yakaenda chini na ya chini yakaja juu. Nje ya hapo upo mkondo mkubwa wa bahari unaoelekea kaskazini mwaka mzima kandokando ya pwani yetu, nao huleta maji ya joto. Joto hilo likizidi, bahari nayo huumia. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka, mengine yakafa.

Ziwa letu ni dogo mno kwa bahari. Mwezi hauna nguvu ya kulijaza na kulikupwesha kiasi cha kuonekana kwa macho. Limebaki na mlimaji mmoja mkubwa, naye ni upepo.

Upepo huo unaujua. Ni ule wa kiangazi unaoanza mwezi wa Mei na kwenda mpaka Septemba. Watu wa pwani huuita kusi. Wewe unautumia kupepetea maharage na kukaushia makopa ya muhogo. Upepo huo huo ukifika ziwani huyasukuma maji ya juu, yale ya joto, kutoka upande wa Zambia kuyaleta kaskazini, Kigoma, Uvira na Bujumbura. Maji ya joto yanarundikana huku kwetu. Kule kusini, karibu na Mpulungu, kifuniko kinakuwa chembamba, na maji baridi yenye mbolea yanapanda kushika nafasi iliyoachwa.

Septemba upepo unalegea. Je, maji yanatulia mara moja? Hayatulii. Beba karai la maji kichwani, kisha simama ghafla. Maji yataendelea kuyumba, huku na huku. Ziwa nalo linayumba hivyo hivyo, ila pole pole mno: kwenda na kurudi mara moja huchukua wiki tatu mpaka nne, na kuyumba huko huendelea kwa miezi. Mwendo huo uko chini, kati ya maji ya joto na maji ya baridi, kwa hiyo ukisimama ufukweni Ujiji huuoni. Lakini kila maji baridi yanapopanda huku kaskazini, hubeba mbolea kuja kwenye mwanga. Mara nyingi kati ya Oktoba na Novemba maji ya kaskazini hubadilika rangi, yakawa ya kijani. Hayo ndiyo majani ya shamba la ziwa yameota.

Mimea hiyo midogo huliwa na wadudu wa majini. Wadudu huliwa na dagaa. Dagaa huliwa na mgebuka. Dagaa mwenyewe ana maisha mafupi, hukua na kuzaa na kufa ndani ya mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo yeye ni kama mchicha, si kama mwembe. Mbolea ikija leo, anaongezeka upesi. Mbolea ikikosekana, anapungua upesi. Ndiyo sababu dagaa wana miaka yao na misimu yao.

Hata ndani ya mwezi mmoja dagaa wana siku zao, lakini hiyo ni habari nyingine. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa usiku, zamani karabai, siku hizi taa za betri pia. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haionekani kitu mbele ya mwezi, na wavuvi hupumzika. Basi ukisikia dagaa wameadimika wakati wa mwezi mpevu, usimlaumu mwenye duka. Subiri giza lirudi.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Kifuniko kile cha maji ya joto kinazidi kuwa kigumu kupinduliwa. Karibu na mwaka 1913 mtaalamu wa Kibelgiji, Louis Stappers, alipima joto la ziwa katika vina mbalimbali. Ndiye ambaye jina lake la ukoo limo katika jina la kitaalamu la mgebuka wetu. Wataalamu waliokuja baadaye walipima tena, wakalinganisha. Wakakuta maji ya juu yameongezeka joto kuliko maji ya chini. Maana yake tofauti baina ya juu na chini imekua, na upepo ule ule unapata kazi ngumu zaidi ya kukoroga. Ni kama jembe lile lile, lakini udongo umekuwa mgumu.

Mwaka 2003 wataalamu walitangaza makadirio yao: kwamba kukua kwa mimea midogo ya ziwani huenda kumepungua kwa kiasi cha asilimia 20, na kwamba hali hiyo ingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 wengine walichunguza tope la chini ya ziwa, ambalo hulala tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Walikuta mabaki ya samaki yalianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza katikati ya karne iliyopita.

Usinielewe vibaya. Sisemi uvuvi hauna makosa. Shamba ambalo halipati mbolea ya kutosha, halafu likavunwa kabla mazao hayajakomaa, huharibika mara mbili. Nyavu zenye matundu madogo na makokoro yanayokokotwa ufukweni huzoa vifaranga wa samaki. Watu wanaolitegemea ziwa wameongezeka sana, huku kwetu na katika nchi tatu tunazochangia nazo ziwa hili, yaani Burundi, Kongo na Zambia. Kwa sababu hiyo mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Wengi tulinung'unika. Lakini wewe mkulima unajua: mwenye kula mbegu hana haki ya kuuliza mavuno.

Haya, ndugu mkulima, upepo huwezi kuuamrisha, na joto la ziwa huwezi kulipunguza kwa mkono wako. Basi ufanye nini? Yapo mambo manne.

Jambo la kwanza: panga kitoweo cha nyumba kama unavyopanga chakula. Makosa yetu makubwa ni kuuza maharage yote wakati wa mavuno, yakiwa bei ya chini, kwa kuwa tunajua dagaa watakuwepo sokoni. Kisha dagaa wanaadimika, na nyumbani maharage yamekwisha. Fanya hivi. Pima kwa kopo maharage mnayopika siku moja. Hesabu siku mnazopika maharage katika mwezi. Zidisha kwa miezi iliyobaki mpaka mavuno mengine. Kiasi hicho kiwekwe ghalani, na baba na mama mkubaliane kwamba hakiuzwi. Kinachozidi hapo ndicho cha soko. Kuku wachache wa mayai nao ni akiba.

Jambo la pili: nunua dagaa wanapokuwa wengi, uwahifadhi vizuri. Sikiliza matangazo ya kila mwaka juu ya kufungwa kwa ziwa, ujiwekee akiba mapema. Watu wa kikundi kimoja wanaweza kuchanga na kununua gunia kwa pamoja, wakapata bei nafuu. Chagua dagaa waliokauka sawasawa, wanaovunjika ukiwakunja, wasio na mchanga wala ukungu. Gunia lisikae chini sakafuni, lipandishe juu ya mbao. Siku za jua waanike tena juu ya mkeka safi. Na hili nalisisitiza: usinyunyizie dagaa dawa ya kuhifadhia mahindi. Ile ni sumu kwa kitoweo, utawaumiza watoto.

Jambo la tatu: zuia udongo wako usiende ziwani. Mito yetu ya huku juu inaishia kule kule. Ruchugi unapita Kasulu na kuingia Malagarasi karibu na Uvinza. Malagarasi unazunguka katika mabwawa makubwa ya Moyowosi, kisha unageuka magharibi na kumwaga maji ziwani kusini ya mji wa Kigoma. Luiche nao unaingia karibu na Ujiji. Malagarasi una bahati, kwa sababu matete ya yale mabwawa huchuja tope jingi. Mito mifupi inayoteremka moja kwa moja haina chujio.

Hapa mjanja mmoja ataniuliza: je, udongo wangu wenye rutuba ukifika ziwani, si utawalisha dagaa? Swali zuri, lakini jibu ni hapana. Tope jingi hutua karibu na ufukwe. Huziba mwanga, hufunika mawe na mchanga ambako samaki wengi hutaga. Lumbu, yule dagaa mkubwa kidogo, huzaliana karibu na ufukwe. Na mbolea iliyolala chini ya ziwa ni nyingi kuliko kile kidogo kinachoteremka na mvua kutoka shambani kwako. Kwa hiyo udongo wako ukiondoka, wewe umepata hasara na samaki naye hakupata faida.

Lima kwa kukingama mteremko, usilime kwa kuteremka nao. Weka makinga maji, na juu yake panda mabingobingo, utapata na malisho ya ng'ombe na mbuzi. Acha kuchoma majani ya shamba. Na kumbuka sheria ya mazingira ya mwaka 2004: usifanye kazi ya kudumu ya kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Nafahamu kwamba bonde ndilo lenye unyevu na ndilo linalovutia. Lakini ukingo ukishabomoka, mto utachukua na lile shamba ulilokuwa unalitegemea.

Jambo la nne: kama una maji ya kudumu, chimba bwawa la samaki. Na hapa ndipo yale niliyokueleza juu ya ziwa yatakufaa kwa mikono yako mwenyewe. Bwawa lako ni Tanganyika ndogo. Siku za jua kali maji ya juu hupata joto na kuwa kifuniko, chini samadi inaoza na hewa inakwisha. Halafu siku moja inakuja mvua ya baridi na upepo. Maji ya juu yanapoa ghafla, yanazama, na maji mabaya ya chini yanapanda. Asubuhi unakuta samaki wamejaa juu, midomo wazi, wanatweta. Wengine wameshakufa. Utasikia watu wakisema jirani ametia sumu. Kabla hujagombana na jirani, angalia bwawa lako.

Kinga yake ni hii. Bwawa lisizidi kina cha mita moja na nusu, ili upepo uweze kulikoroga mpaka chini. Usiliweke mahali lilipozibwa na miti mirefu pande zote, maana upepo unahitaji njia. Samadi tia kidogo kidogo. Ingiza mkono katika maji mpaka kwenye kiwiko: kama kiganja kimepotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji ni ya kijani kupita kiasi, acha kutia samadi kwa muda. Ukiwakuta samaki wanatweta, usiwape chakula siku hiyo. Fungulia maji mapya, na yaache yaanguke kutoka juu ili yaingie na hewa. Bwana shamba au bibi shamba wa kata yako atakuelekeza kwa afisa wa uvuvi wa wilaya, upate vifaranga wazuri wa sato au perege. Usichimbe kabla hujapata ushauri wa mahali.

Ndugu wakulima, nimesema ziwa ni shamba na upepo ni jembe. Nimesema joto linalifanya shamba hilo liwe gumu kulimika, na sisi wavunaji tumeongezeka. Kwa hiyo tusilitegemee ziwa peke yake kwa kitoweo cha watoto wetu. Mwezi wa Juni utakapokuwa unapepeta maharage, ukausikia ule upepo mgongoni, kumbuka kwamba uko njiani kwenda kulima huko chini. Utakie kazi njema. Kisha kabla ya kumwita mnunuzi, chukua kopo, upime maharage ya watoto kwanza.